Nani Aliyeipiga Kengele ya Kengeleni?

Sisi tuliolelewa Ikonge, huko Nyamira, tuliitwa ibadani kwa ringi ya gari iliyoning'inizwa mtini. Historia ya ringi ile haikuandikwa. Nilidhani upungufu huo ni wa vijiji vyetu tu, hadi nilipofika Kengeleni, Mombasa.

Pale, kando ya barabara, umesimama mnara wa kengele wa Frere Town, makazi yaliyoanzishwa na wamisionari wa CMS mnamo 1875 kwa ajili ya watu waliokombolewa utumwani. Kengele hiyo ililia kuwaonya wakazi kwamba wauza watumwa wanakaribia. Jina la Bwana Bartle Frere tulifundishwa. La mpigaji kengele je? Huyo aliyekesha akiitazama bahari, ambaye pengine naye alikwisha kuuzwa, hatukufundishwa.

Utingo wa matatu hunadi "Kengeleni!" kutwa kucha, nasi darasani twachambua kiambishi -ni kisha twafunga daftari. Kwa maoni yangu, tasnifu zetu za majina ya mahali zisikomee kwenye mofolojia. Vizazi vya Frere Town vingalipo, viulizwe. Nami likizo hii nitaanzia Ikonge, kwa mzee aliyekuwa akigonga ringi ile.