Piga Hodi Kabla ya Kupiga Hema

Tulipapenda mahali pale mara tu tulipopaona. Jua lilikuwa linatua, nasi tulikuwa kusini kidogo ya Port Victoria, karibu na pale mto Nzoia unapoingia Ziwa Victoria. Nyasi zilikuwa fupi na sawa kama za uwanja wa shule siku ya michezo. Mbele yetu mafunjo yalikuwa yameachana, yakaacha uwazi kama mlango unaotazama maji. Tukatua mizigo, tukatoa hema, tukaanza kupigilia vigingi.

Mama mmoja mzee akapita, tita la mafunjo ya kusukia mikeka kichwani. Akasimama, akatutazama kwa muda, kisha akauliza swali moja tu: “Wanangu, ni nani aliyewafyekea hapa?”

Tukaangaliana. Hakuna aliyetufyekea. Akatuonyesha kwa ncha ya mguu kitu ambacho macho yetu yalikuwa yamekiruka: mistari miwili iliyokanyagwa ndani ya tope, na katikati yake tuta jembamba la nyasi, mfano wa njia ya mkokoteni. Lakini pale hapapiti mkokoteni. Ni njia ya kiboko. Miguu yake imeachana, kwa hiyo hukanyaga pande mbili na kuacha tuta katikati. Yeye ndiye aliyefyeka. Hutoka majini giza likiingia, hula nyasi hata kilo arubaini kwa usiku mmoja, kisha hurudi kwa njia ile ile. Asichokivumilia ni kukuta kitu kimekaa kati yake na maji, na hema letu lilikuwa limekaa mlangoni hasa.

Usiku ule tulilala uani kwa mama yule, karibu na jiko lake. Kwa mbali tulisikia nyasi zikikatwa, kwa utulivu kama mtu avunaye shamba lake.

Ndugu msomaji, ninaandika kukuomba jambo moja. Siku hizi vijana wetu wa Kisumu, Eldoret na Nairobi wanapenda kubeba hema na kushuka ziwani mwishoni mwa wiki, na hilo ni jema. Nchi ni yetu, tuitembee. Lakini wengi wanafika na kila kitu isipokuwa swali. Wana taa za kichwani na magodoro ya kujaza upepo, ila hawajamuuliza mtu yeyote wa pale kama wanaweza kulala hapo. Wito wangu ni huu: kabla hujapiga hema, piga hodi. Nenda kwa mwenyekiti wa BMU, kamati inayosimamia ufuo ule, au kwa mzee wa kijiji, au hata kwenye boma la kwanza utakalolikuta. Jitambulishe, kisha uliza maswali manne: wanyama hupita wapi, maji ya kunywa hutoka wapi, mto ukoje, na hospitali iko wapi.

Swali la mto lina uzito wa pekee huku Bunyala. Nzoia inakusanya maji yake mbali, milima ya Cherangani na Elgon, ndipo iteremke hadi kwetu. Mvua inaweza kunyesha Kitale wakati anga la Budalang'i halina hata wingu, na baada ya muda maji yakafika. Watu wa hapa wamefurikiwa mara nyingi wakiwa chini ya jua kali, ndiyo maana matuta yamejengwa kando ya mto. Basi usilale kati ya tuta na mto hata kama pana kivuli kizuri. Mwulize mwenyeji: “Huko juu kumenyesha?” Ziwa nalo lina siku zake. Mwaka 2020 lilipanda likameza fuo, mashamba na nyumba, kwa hiyo mahali ambapo rafiki anakusimulia kwamba alipiga hema miaka kumi iliyopita huenda pamebadilika kabisa.

Sasa maji yenyewe. Yanaita, hasa saa sita mchana jua likiwa la utosi. Lakini saa hizo ndizo mbaya zaidi kwa kichocho. Konokono wadogo wanaoishi kwenye magugu ya ghuba tulivu huachia vijidudu visivyoonekana kwa macho, na huvitoa kwa wingi zaidi jua linapokuwa kali. Vijidudu hivyo hupenya ngozi kwa dakika chache tu, wala kujifuta haraka kwa taulo si kinga ya kutegemea. Hakuna saa iliyo salama kabisa, ila penye magugu na maji yaliyotulia ni pabaya kuliko pengine. Ukilazimika kusukuma mtumbwi, vaa buti ndefu za mpira. Maji ya kuoga yachote, kisha yachemshe, au yaache yatulie kwenye chombo kilichofunikwa kwa siku mbili kamili. Vijidudu hivyo hufa vikikosa mtu wa kumwingia. Na kama umekwisha kuoga ziwani, usikae na hofu wala aibu. Nenda kituo cha afya ukapimwe baada ya wiki sita hadi nane, maana ukienda mapema mno minyoo haijakomaa na huenda kipimo kisiione. Dawa yake, prazikwanteli, ipo.

Kutulia kwa siku mbili hakuyafanyi maji hayo yafae kunywa. Kipindupindu na homa ya matumbo havina haraka ya kuondoka. Maji machafu yachuje kwa kitambaa safi, kisha yachemshe hadi yatokote sawasawa, au tia dawa ya klorini kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa. Mwenzenu akianza kuhara, msisubiri asubuhi. Chukueni lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vipimwe kwa usawa wa kijiko, mkoroge na kumnywesha kidogo kidogo huku mkitafuta usafiri.

Juu ya malaria, aliyezaliwa Nairobi au Nyandarua asijilinganishe na mwenyeji. Mtu mzima aliyekulia ziwani ameumwa na mbu maisha yake yote, na mwili wake umejifunza kupambana kiasi. Wako haujui lolote. Chanjo ya malaria iliyoanza kutolewa eneo hili mwaka 2019 ni ya watoto wadogo, haikuhusu wewe. Kabla ya safari mwone daktari au mfamasia akushauri dawa ya kinga. Vaa mikono mirefu tangu jua linapotua, funga zipu ya hema, na neti uichomeke chini ya godoro, kwa sababu mbu wa malaria hufanya kazi yake usiku wa manane hadi karibu na alfajiri. Na hili lishike sana: homa inaweza kukujia wiki mbili baadaye, umekwisha kurudi ofisini na kusahau safari. Mwambie daktari, “Nilikuwa ziwani.” Maneno hayo mawili yanaweza kukuokoa.

Mwenye kutaka kuvuka kwenda kisiwani avuke asubuhi kwa boti ya mtu anayejulikana ufuoni, na kila abiria avae jaketi la kujiokolea, si kulikalia. Radi za ziwa letu hupenda usiku, kwa sababu nchi kavu hupoa, upepo ukashuka majini kutoka pande zote, ukakutana na kupanda juu kama moshi. Wavuvi wa omena wanalijua hilo kuliko sisi sote. Wakikuambia leo usivuke, usibishane nao kwa sababu simu yako imekuonyesha picha ya jua. Ukiona umeme, hesabu hadi ngurumo isikike. Ikifika kabla hujamaliza sekunde thelathini, radi iko karibu: ingia nyumbani au ndani ya gari, wala usijikinge chini ya mti uliosimama peke yake.

Wapenda milima nao wasijione wamesalimika. Got Ramogi kule Yimbo, ambapo masimulizi ya Wajaluo husema Ramogi alifanya makao, ni msitu wa dawa za miti na mahali pa heshima. Panda na mwenyeji, usikate hata fimbo bila idhini. Vivyo hivyo kwenye mawe ya Kit Mikayi, ambako watu huenda kusali. Ukienda hifadhi ya Ruma kuwatazama swala aina ya korongo, usivae nguo za buluu wala nyeusi, kwa kuwa mbung'o huvutwa na rangi hizo, ndiyo maana mitego yao hushonwa kwa vitambaa vya namna hiyo. Shirika la Afya Duniani lilithibitisha mwaka 2025 kwamba malale, ugonjwa wanaoueneza, si tishio tena kwa afya ya umma nchini Kenya, lakini mbung'o wenyewe wapo, na wanauma. Njiani tembea na buti na tochi. Nyoka aitwaye kifutu hakimbii akisikia hatua. Hulala tu mpaka akanyagwe. Aliyeumwa na nyoka asichanjwe, asifyonzwe, asifungwe kamba ya kukaza. Mvue pete na saa, mtulize, kiungo kisitikiswe, mpeleke hospitali mara moja.

Mambo ya jikoni nitayapitia haraka. Gorogoro moja ya omena mkavu na unga wa ugali vitawatosha watu kadhaa, wala havihitaji barafu. Vinunueni papo hapo kwa akina mama wa ufuo, ili ziara yenu iache kitu mfukoni mwa mtu. Moto usiwashwe karibu na mafunjo makavu. Jiko la makaa lisiingizwe hemani hata mvua ikinyesha, kwani hewa yake huua mtu akiwa usingizini. Na chupa za plastiki ziacheni nyumbani: tangu Juni 5, 2020, plastiki za kutumiwa mara moja zimepigwa marufuku ndani ya hifadhi zetu, kikiwemo kisiwa cha Ndere.

Nanyi wenyeji wenzangu, hodi bila mtu wa kuitikia ni kelele tu. Naomba kila ufuo wetu, kuanzia Sio Port hadi Dunga na Mbita, utundike ubao mmoja. Si lazima uwe wa gharama. Kipande cha mbao za mtumbwi uliochakaa na rangi kidogo vinatosha. Tuandike viboko hupita wapi, maji salama yako wapi, zahanati iko wapi, na hema lipigwe wapi. Walimu, wapeni watoto kazi ya kuuandika. Wao ndio wanaojua vichochoro vyote. Kijana anayeongoza wageni alipwe jasho lake, naye asimtoze mtu bei ya kumfukuza.

Ubao kama huo unanikumbusha alama nyingine. Kule Nyeri liko kaburi la Baden-Powell, mwanzilishi wa skauti, aliyefariki mwaka 1941. Juu ya jiwe lake imechongwa duara yenye nukta katikati. Kwa alama za njiani za maskauti, maana yake ni: nimekwenda nyumbani. Nimeipenda alama hiyo kwa sababu haimsaidii aliyeiweka. Inamsaidia anayekuja nyuma, asiendelee kumtafuta.

Asubuhi ile uani kwa mama, tulikunja hema, tukanywa chai, tukachukua njia ya Port Victoria. Tulikuwa tumefika barabarani ndipo mmoja wetu alipokumbuka kwamba mama alikuwa ameenda kukata mafunjo na hatukumuaga. Tukarudi. Tulimkuta amesimama ukingoni mwa zile nyasi fupi, mkono juu ya macho, anatazama upande wa maji. Basi ukiondoka, pita tena pale ulipopiga hodi, useme, “Tumeamka salama, tunakwenda nyumbani.”