Daftari la Wiki: Kivuli cha Kipalapala

Jumamosi nilishinda Kipalapala. Kutoka Tabora mjini ni safari fupi ya bodaboda, na sikuwa na shughuli nyingine huko ila kukaa. Bustani niliyoifuata haina ukuta wala kibao. Ni miembe mikubwa, udongo uliolainishwa na nyayo, na gogo lililong'aa kwa kukaliwa.

"Mwangaluka," nilimsalimu mzee aliyenitangulia. Akaitikia, akanisogezea nafasi kabla hata ya kuniuliza natokea wapi. Alikuwa anasokota kamba ya magome ya kufungia mizinga ya nyuki. Analowesha utepe wa gome, anaukunja katikati, anausokota kwa kiganja juu ya paja, kisha anaziachia ncha mbili zijipinde zenyewe. Nilimtazama karibu saa nzima. "Ya dukani jua linaila," aliniambia. "Hii inakaa juu ya mti mpaka asali iive."

Mbele yetu watoto wawili walikuwa wamechimba mashimo ya bao ardhini. Kete zao zilikuwa vijiwe, na mdogo ndiye aliyekuwa akishinda.

*

Saa saba kivuli kilijaa. Bibi mmoja alitua mzigo wa kuni, akavua kandambili, akanyoosha miguu. Kijana wa bodaboda alilala juu ya tangi la pikipiki yake. Mama wa karanga alipita na sinia. Nilihesabu watu kumi na tisa, na hakuna aliyeulizwa kiingilio wala kulazimika kununua soda ili apate pa kukaa. Mjini, mtu mwenye shilingi mia tano mfukoni anapumzika wapi? Swali hilo limenikaa rohoni wiki nzima.

*

Wasomaji wa umri wangu wamelijua jina la Kipalapala hata kabla ya kufika, kwa sababu lilichapwa kwenye kurasa za mwanzo za vitabu vya dini vilivyotoka katika kiwanda cha uchapaji cha hapa. Na mapadre wengi wa nchi hii wamesoma seminari kuu ya hapa.

*

Ukiacha vitabu na seminari, miembe yenyewe ina historia nzito. Tabora ilikuwa kituo kikuu cha njia ya misafara kutoka Bagamoyo kwenda Ujiji. Wapelelezi Burton na Speke waliingia Kazeh, jina la zamani la Tabora, Novemba 1857. Kule Kwihara, jirani na mji, Livingstone alikaa mwaka 1872 akingoja wapagazi ambao Stanley aliahidi kumtumia kutoka pwani, akaondoka Agosti 25. Embe lilikuja na njia hiyo hiyo, kutoka pwani, pamoja na wafanyabiashara wa Kiarabu na Waswahili. Wenyeji husimulia kwamba kokwa nyingine ziliangushwa na watu waliopitishwa hapa wakiwa wamefungwa minyororo. Wapagazi wa Kinyamwezi walibeba pembe za ndovu mabegani hadi Bahari ya Hindi, na safari hizo ndizo zilizozaa utani wao na Wazaramo unaoishi mpaka leo. Kwa hiyo nikikaa chini ya mwembe wa Tabora nakaa kwa heshima. Kuna waliopumzika hapa kwa hiari yao, na kuna ambao hawakuwa na hiari.

*

Jambo moja lilinisikitisha. Tangu asubuhi hadi jioni nilitafuta mche mmoja wa mwembe uliozungushiwa miiba usiliwe na mbuzi. Sikuuona. Tunakalia kivuli kilichoachwa na wengine, na watakaokuja baada yetu hatujawaandalia kitu.

La pili ni viwanja. Mtaani nilikolelewa palikuwa na eneo la wazi. Tulicheza chandimu hapo, misiba na harusi zilifanyika hapo. Siku moja zikaonekana bikoni za upimaji, baada yake tofali, na leo ni nyumba ya mtu. Hakuna aliyeuliza mapema, na alipotokea wa kuuliza msingi ulikuwa umeshajengwa. Nairobi waliuliza mapema: mwaka 1989 mwanamazingira Wangari Maathai alisimama kupinga jengo la ghorofa sitini lililotaka kumeza sehemu ya bustani ya Uhuru Park. Alitukanwa hadharani, lakini jengo halikujengwa.

Mji wa Tabora unapanuka, na upimaji unasogea vijijini. Mwembe usio kwenye ramani ni kuni za mtu atakayeuziwa kiwanja.

*

Nilipoaga, mzee alikuwa amemaliza kamba na kuizungushia kiwiko. Watoto walikuwa wamehamia juu ya mti, wakitikisa matawi. Embe la kwanza kuanguka walimpa bibi wa kuni.

Mvua zimeanza na kokwa haziuzwi. Ukila embe wiki hii, fukia kokwa mahali ambapo mpita njia atapata kivuli, na uizungushie miiba. Na kwenye mkutano ujao wa mtaa simama uombe ramani ya mipango miji ifunguliwe mbele ya watu. Waonyeshwe eneo la wazi liko wapi, na bikoni zake zimesimama wapi.