Tunda lililo kwenye karatasi tu

Katika maduka ya Tarime mjini, Sirari, Nyamongo na hata Mugumu wilayani Serengeti, bidhaa inayomvutia mtoto wa shule kuliko zote siku hizi ni keki ndogo ya pakiti yenye jemu katikati. Kila moja imefungwa peke yake katika karatasi ing'aayo, na juu ya karatasi hiyo pamechorwa tunda: stroberi jekundu, chungwa lililopasuliwa, nanasi, au embe linalodondosha maji. Imetengenezwa mbali, pengine Kenya, pengine Dar es Salaam, pengine ng'ambo kabisa, na imekaa kwenye maboksi kwa wiki au miezi kadhaa kabla ya kufika dukani. Lakini ukiibonyeza ni laini kama imetoka jikoni asubuhi. Andazi la mama wa jirani lililokaangwa jana limekwisha kuwa gumu.

Swali la namna gani keki hiyo inabaki laini ni swali ambalo mwananchi ana haki ya kujibiwa, na wanaopaswa kumjibu ni wale waliosoma: mwalimu, bwana afya, ofisa wa halmashauri. Ndiyo sababu leo tunalileta jambo hili mbele yao. Si jambo dogo kama linavyoonekana kwa wale wanaodhani kwamba tahariri lazima izungumzie bajeti na mikutano mikuu.

Jibu limeandikwa nyuma ya pakiti, kwa herufi ndogo mno. Kanuni inayofuatwa ulimwenguni, na ambayo nchi za Afrika Mashariki zimeipokea katika viwango vyao vya vyakula vilivyofungashwa, ni kwamba viambato huorodheshwa kwa uzito: kilicho kingi hutangulia na kilicho kidogo hufuata. Msomaji achukue pakiti moja aisome. Atakuta kwanza unga wa ngano, kisha sukari, kisha mafuta ya mimea, mara nyingi ya mawese. Jemu nayo huwa na orodha yake ndani ya mabano: sharubati ya glukosi, sukari, maji, na baada ya hapo ndipo rojo la tunda. Mara nyingi hata rojo hilo si la tunda lililochorwa. Ni la tofaa, kwa kuwa tofaa ni rahisi kupatikana viwandani na lina pektini ya kugandishia, na tunda la pichani limeongezwa kidogo tu kwa ajili ya jina. Rangi na harufu hutoka kwenye chupa.

Kiwango cha kimataifa cha lebo kinasema kwamba mtengenezaji akilitangaza tunda kwa maneno au kwa picha, sharti aandike asilimia ya tunda hilo katika chakula. Kwa hiyo asilimia hiyo ndiyo namba ya kwanza ya kutafuta. Pale isipoandikwa kabisa mnunuzi ana haki ya kuuliza kwa nini.

Sasa tuje kwenye ulaini. Ukungu huhitaji maji ili uote, na jemu ina maji. Ukiweka jemu ndani ya keki ya kawaida, maji yatahamia kwenye mkate, mkate utalowa, na baada ya siku chache utaota ukungu. Kiwanda huzuia hayo kwa njia tatu. Kwanza hutia sukari nyingi pamoja na vitu kama gliseroli na sobitoli, ambavyo huyashika maji yasiweze kutumiwa na ukungu. Ni ujuzi uleule wa bibi zetu waliohifadhi samaki wa ziwani kwa chumvi. Pili hutia vihifadhi, hasa sobati ya potasiamu au propionati ya kalisi, ambavyo huzuia ukungu usikue. Tatu hutia viunganishi vinavyofanya mafuta na maji vikae pamoja, na hivyo mkate usikauke upesi. Juu ya hayo kuna asidi ya limau ya kutia ukali, na kemikali za kuumua mahali pa hamira.

Vitu hivyo vyote vina namba. Tume ya Codex Alimentarius, iliyoundwa mwaka 1963 na mashirika ya Umoja wa Mataifa ya chakula na ya afya, ndiyo yenye orodha ya kimataifa, na Ulaya hutanguliza herufi E mbele ya namba hizo. Mtu asiyezijua huogopa kila namba, na huko nako ni kupotoka. Namba 300 ni vitamini C. Namba 330 ni asidi ileile iliyomo katika limau. Namba 500 ni jamii ya magadi. Namba 407 ni karajinani, na hiyo inatokana na mwani, mwani uleule ambao wakulima wa Zanzibar, wengi wao akina mama, wamekuwa wakiulima kwa ajili ya kuuza nje tangu mwishoni mwa miaka ya 1980. Mwani huondoka Unguja na Pemba ukiwa umekaushwa na kufungwa magunia, na ukifika viwandani hugeuzwa unga wa kugandishia krimu na jeli. Baadaye tunaununua tena kwa bei ya mwenye kiwanda, tena bila kujua kwamba ni wetu.

Tena yapo yanayoongezwa kwa faida ya mlaji. Kanuni za Tanzania za mwaka 2011 ziliagiza viwanda vya unga wa ngano kutia madini ya chuma na asidi ya foliki ili kupunguza upungufu wa damu na kuwalinda watoto walio tumboni. Kwa hiyo hatumwambii mwananchi akimbie kila kilichoongezwa. Tunamwambia asome, kisha achague.

Viko vitu vitatu, hata hivyo, ambavyo kwa maoni yetu vinastahili kuangaliwa kwa macho makali, hasa kwa kuwa walaji wa keki hizi ni watoto.

Cha kwanza ni rangi. Wekundu wa jemu ya stroberi na umanjano wa jemu ya embe mara nyingi hutokana na rangi za kutengenezwa maabara, kama vile namba 102, 110 na 129. Mwaka 2007 watafiti wa Chuo Kikuu cha Southampton, Uingereza, walitangaza kwamba mchanganyiko wa baadhi ya rangi hizo pamoja na kihifadhi cha benzoati uliongeza utundu wa kupita kiasi kwa watoto waliopimwa. Wataalamu walibishana juu ya ukubwa wa athari hiyo, na bado wanabishana. Lakini Ulaya haikungoja mabishano yaishe: tangu Julai 2010 chakula chenye rangi hizo hubeba onyo kwamba huenda zikaathiri utulivu na usikivu wa mtoto. Marekani nayo, Januari 2025, ilifuta kibali cha rangi nyekundu namba 3, ambayo katika hesabu ya kimataifa ni namba 127, na kuwapa watengenezaji wa vyakula hadi Januari 2027 waiondoe. Mwalimu mwenye wanafunzi 80 darasani asiyeelewa kwa nini baada ya mapumziko hakukaliki, anaweza kuwa na sababu nyingine kumi za kutafakari kabla ya hii. Ila na hii asiisahau.

Cha pili ni mafuta. Mafuta ya mimea yaliyogandishwa nusu kwa haidrojeni huwa na aina ya mafuta inayoziba mishipa ya moyo. Denmark iliyawekea kikomo mwaka 2003. Shirika la Afya Duniani, mwaka 2018, liliyataka mataifa yote yayaondoe katika chakula kufikia mwaka 2023, na mwaka umekwisha kupita huku nchi nyingi zikiwa bado njiani. Mnunuzi atayatambua kwenye lebo kwa maneno yanayosema kwamba mafuta yametiwa haidrojeni kwa sehemu.

Cha tatu, na ndicho kikubwa kuliko rangi zote, ni sukari, ambayo haina namba wala haimtishi mtu. Tuchukue keki ya gramu 40 ambayo theluthi yake ni sukari. Hiyo ni gramu 13, yaani zaidi ya vijiko vitatu vya chai. Ushauri wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2015 ni kwamba sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nguvu anayoipata mtu kwa siku; kwa mtoto anayehitaji kalori 1,500, hiyo ni gramu zipatazo 37. Keki mbili na soda moja, basi, zinamaliza fungu la siku nzima na kulipita, na mtoto huyo bado hajapata protini ya kumkuza.

Je, nani analinda mlango? Sheria hazikukosekana. Shirika la Viwango Tanzania lilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1975. Mwaka 1978 ikatungwa sheria ya kudhibiti ubora wa chakula, na mwaka 2003 ikapatikana mamlaka ya chakula, dawa na vipodozi, TFDA. Tangu mwaka 2019 kazi ya chakula imewekwa chini ya TBS, na mamlaka ile ikabaki na dawa na vifaa tiba kwa jina la TMDA. Zaidi ya hapo, sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2006 imezifanya nchi wanachama kutambuliana alama za ubora, hivyo keki yenye alama halali ya Kenya huvuka Isebania na kuingia Sirari pasipo kupimwa upya. Jambo hilo ni jema kwa biashara, nasi hatulipingi. Lakini mpaka wa Tarime una njia zake nyingine, za miguu na za pikipiki, ambazo mkaguzi hazioni, na boksi lililopita huko halina wa kulidai tarehe ya mwisho wa matumizi. Ofisa wa afya wa kata ndiye mkaguzi pekee ambaye boksi hilo litakutana naye, tena akiwa na hiari ya kuingia dukani.

Liko na suala la lugha. Serikali iliagiza Kiswahili kitumike katika shughuli zake tangu mwaka 1967, na karibu shule zote za msingi za umma zinafundisha kwa Kiswahili. Hata hivyo orodha ya viambato katika pakiti nyingi imeandikwa Kiingereza, na katika nyingine Kiarabu au Kituruki. Mama wa Nyamwaga anayejua kusoma barabara lugha ya taifa lake anakuwa kama hakusoma mbele ya keki anayomnunulia mwanawe. Tunaona haya kulisema, lakini lazima lisemwe: picha ya embe ndiyo sehemu pekee ya lebo hiyo inayozungumza naye, na ndiyo sehemu isiyo kweli. Tunaitaka TBS iwalazimishe wenye viwanda na waagizaji kuandika viambato kwa Kiswahili, pamoja na asilimia ya tunda, kwa herufi zinazosomeka bila miwani.

Wako watakaosema kwamba vijana wanaouza keki hizi barabarani wataumia. Hatuoni kwa nini. Muuzaji mdogo hakuiandika lebo, naye pia analisha watoto wake bidhaa hiyohiyo. Tusimfukuze yeye ili mwenye kiwanda apate usingizi.

Kwa walimu tuna neno la peke yao. Si siri kwamba katika baadhi ya shule keki na vitu vitamu huuzwa na walimu wenyewe, ofisini au darasani, wakati wa mapumziko. Tunaelewa ugumu wa maisha unaowasukuma. Hata hivyo mtoto anayeuziwa na mwalimu wake hawezi kudhani kwamba anachouziwa kina kasoro, na mwanafunzi asiye na senti hukaa akimtazama mwenzake akila mbele ya yule ambaye wote wawili humwita mwalimu. Kamati za shule zilijadili jambo hilo kwa uwazi. Wakati huohuo zijadili uji. Tangu elimu bila ada ianze Januari 2016 wazazi wengi wameelewa, kimakosa, kwamba hata chakula cha shuleni kimekuwa kazi ya Serikali, na sufuria la uji limepoa katika shule nyingi. Keki imeingia katika nafasi hiyo iliyoachwa wazi. Tarime ina ulezi, ina mahindi, ina maziwa, na ndizi za nyanda zake za juu hupakiwa kwenye malori kwenda kuuzwa mikoani. Ndizi mbivu haina orodha ya viambato.

Wazee wetu watakumbuka kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, na ile ya Chakula ni Uhai iliyofuata mwaka 1975, wananchi walipokaa vikundi vikundi kuzunguka redio na kijitabu kimoja wakajifunza kuchimba choo na kupanga mlo. Leo hatuna haja ya kampeni ya ukubwa huo kwa ajili ya keki. Maofisa elimu wa Tarime na Serengeti wanaweza kuanza muhula ujao kwa somo moja la sayansi: kila mwanafunzi wa darasa la sita alete karatasi tupu ya keki, wasome pamoja kiambato cha kwanza hadi cha mwisho, watafute tunda liko wapi, wapige hesabu ya sukari. Wanachuo wa Chuo cha Ualimu Tarime wangeweza kuliandaa somo hilo na kulijaribu wakiwa katika mazoezi ya kufundisha. Vifaa vya somo hilo havihitaji fungu katika bajeti ya halmashauri, kwa maana vimekwisha kutapakaa kandokando ya uzio wa kila shule.