Usilale na Jiko

Jiko la makaa lisilo na bomba la moshi si la kupasha nyumba joto. Tumeambiwa hivyo miaka nenda miaka rudi, na bado kila baridi ya Juni hadi Agosti tunasoma habari ile ile: dirisha limefungwa, jiko limeingizwa ndani, na asubuhi majirani wanavunja mlango.

Wakazi wa Kiuu, hapa Ruiru, wanajua moshi ni hatari. Ndiyo maana wengi huwashia jiko nje au kwenye korido, wakangoja makaa yawe mekundu, kisha wakaliingiza wakiamini hatari imekwisha. Haijaisha. Makaa mekundu yasiyo na moshi huendelea kutoa kaboni monoksaidi kwa wingi, hewa isiyo na rangi wala harufu. Inanata kwenye damu kwa nguvu inayozidi ya oksijeni zaidi ya mara 200. Aliyelala haamki akikohoa. Usingizi wake unazidi tu kuwa mzito.

Wapo wanaojitetea kwamba jiko lao ni la kisasa. Kulinunua ni jambo jema. Jiko la bati lenye udongo ndani, lililoenea Kenya tangu miaka ya 1980, hula makaa machache kuliko la bati tupu, na hapa hapa Ruiru kampuni ya BURN inaunda Jikokoa kwa lengo hilo hilo. Lakini ujue umenunua nini. Jiko zuri la kupikia hupeleka joto kwenye sufuria, halilimwagi chumbani. Nayo makaa hayo machache bado yanatoa hewa ile ile, ambayo katika chumba kimoja kilichofungwa haina pa kutokea.

Anayetaka jiko moja la kupika na la kuota moto anahitaji dohani, bomba la kupandisha moshi hadi juu ya paa, kama ilivyo katika nyumba za zamani za Limuru. Nani atamjengea dohani mpangaji wa chini katika ghorofa ya Githurai 45? Hakuna. Basi tuache kujidanganya.

Wenye nyumba nao wasijifiche. Majengo yamebanana hadi dirisha la mtu linatazama ukuta wa jirani. Tofali la matundu juu ya mlango na jingine ukutani ni kazi ndogo kwa fundi. Tumechoka kusikia kwamba wapangaji watayaziba kwa magunia. Weka matundu, kisha waeleze kazi yake. Na Kaunti ya Kiambu, inayoidhinisha ramani za majengo, irudi kukagua kama matundu yaliyochorwa kwenye karatasi yapo ukutani.

Matundu hayo hata hivyo hayampi mtu ruhusa ya kulala na moto. Ukimaliza kupika leo, toa jiko nje mahali salama kabla ya kutandika kitanda. Mtoto akihisi baridi, mvalishe soksi na sweta, mwongezee blanketi. Na mtu akilalamika kichwa na kichefuchefu jiko likiwa ndani, usimpe dawa ya kichwa ukamlaza. Fungua mlango, mtoe nje, mkimbize hospitali.