SIRI YA KIJANA NA SIMU YA MAMA

Watu wazima wa Tukuyu, wanapozungumza habari za vijana na simu, aghalabu huzungumza habari za uvivu. Kijana ameinama juu ya simu, kazi ya migombani imelala. Basi simu imemharibu. Lakini yako matumizi mengine ya chombo hicho, nayo yahusu uhai. Kijana aliyeelemewa moyoni, asiyepata usingizi, pengine aliyechoka kuishi, siku hizi aweza kuiuliza simu kabla ya kumwuliza mtu.

Shirika la Afya Duniani lasema kwamba katika kila vijana saba wa umri wa miaka 10 hadi 19, mmoja ana maradhi ya akili ya namna fulani. Hatuoni sababu ya kuamini kwamba ukungu wa Mlima Rungwe umeikinga wilaya hii na hesabu hiyo.

Kwa nini simu? Kwa sababu simu haina macho. Mahali ambapo kila mtu amjua mama wa kila mtu, kuonekana hospitalini ukingojea tabibu wa akili ni kutangazwa. Jina la Mirembe, hospitali ya Dodoma inayotibu wagonjwa kwa heshima, tumeligeuza kuwa tusi la barabarani. Tena Kanuni ya Adhabu, iliyotungwa mwaka 1945 chini ya Waingereza, imemhesabu ajaribuye kujiua kuwa mkosaji. Huko Kenya, Mahakama Kuu ilitamka Januari 2025 kuwa kifungu cha namna hiyo ni kinyume cha Katiba. Kijana anayehofia polisi atamwambia nani?

Hapo kale jambo hili lilikuwa na jibu. Mvulana wa Kinyakyusa alipofikia umri wa miaka kama kumi alitoka nyumbani kwa baba, akajenga kibanda pamoja na wa rika lake, wakafanya kijiji chao. Monica Wilson aliyaandika hayo katika kitabu chake cha mwaka 1951, akaeleza thamani ya ukwangala, yaani raha ya kukaa na kuongea na wenzi. Hatusemi vijiji hivyo virudi. Wala wasichana hawakuwa na vijiji vyao. Twasema tu kwamba kiti cha mwenzi kilipobaki kitupu, simu ilikikalia.

Hata hivyo, wakubwa wasidhani kuwa kijana ana kila sababu ya kuiamini simu. Kitambulisho cha Taifa hutolewa kwa aliyetimiza miaka 18. Kwa hiyo laini aitumiayo kijana mara nyingi ni ya mama, na ujumbe wake waweza kusomwa jikoni. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 yaweza kuibana kampuni. Haiwezi kumzuia kaka kuchungulia. Kifurushi nacho huisha katikati ya maneno. Na programu nyingi za ushauri zimeandikwa kwa Kiingereza, lugha ambayo kijana huitumia kujibu mtihani, si kulia.

Liko na jambo zito zaidi. Mashine za mazungumzo hujibu upesi na kwa upole, lakini hazimjui aulizaye. Mwaka 2024 mama mmoja wa Florida, Marekani, alifungua mashitaka dhidi ya kampuni ya mashine hizo baada ya mwanawe wa miaka 14 kujiua. Mtoto wa mchuma chai wa Katumba hana kinga kuliko yule.

Nambari 116, Huduma ya Simu kwa Mtoto, haina malipo, haihitaji intaneti, hupigwa hata kwa simu ya kitochi, na anayejibu ni mtu. Lakini mwanafunzi haruhusiwi kuwa na simu shuleni, nasi hatuipingi kanuni hiyo. Tunaloliomba kwa wakuu wa shule za Rungwe ni dogo: simu moja ya shule, ndani ya chumba chenye mlango unaofungwa, mbali na meza ya mwalimu wa nidhamu, na mwanafunzi aingiapo asiulizwe ampigia nani.