Weah hapimwi kwa mpira peke yake

Kumpima George Weah wa Liberia kwa Ballon d'Or ya 1995 pekee, yaani tuzo ya mchezaji bora ambayo hadi leo hakuna mchezaji mwingine wa taifa la Afrika aliyeitwaa, ni kuacha nusu ya habari. Bao lake dhidi ya Verona, Septemba 1996, alipouchukua mpira wa kona katika eneo la hatari la timu yake ya Milan na kuukokota hadi lango la pili, linastahili sifa zote. Lakini siasa ilimchelewesha, kwani alishindwa na Ellen Johnson Sirleaf katika uchaguzi wa urais mwaka 2005, akaapishwa kuwa rais Januari 2018, na Novemba 2023, alipozidiwa kidogo kwa kura na Joseph Boakai, alikubali matokeo kabla hayajatangazwa rasmi, jambo lenye uzito kuliko bao lile.