Fungueni Mafaili ya Kagera Wazee Wetu Wakiwa Hai



Kila tarehe 25 Julai serikali ya CCM inakumbuka kwamba nchi hii ina mashujaa. Mkuki unawekwa mnarani, ngao inawekwa, mashada yanawekwa, tarumbeta inalia, televisheni inarusha moja kwa moja. Tarehe 26 Julai mashujaa wanarudishwa kabatini mpaka mwaka unaofuata. Leo nataka tuongelee hilo kabati, maana ndani yake kuna mafaili, na mafaili mengine yana uongo.

Sisemi uongo wa kutungwa. Nasema uongo wa nafasi iliyoachwa wazi. Mtu alikwenda vitani, akarudi, na kwenye karatasi yake ya utumishi mahali pa kuandika alipigana wapi hapana kitu, na mahali pa medali hapana kitu. Kwa mujibu wa karatasi, mzee huyo hakwenda popote.

Kwa wale ambao historia ya shuleni iliwapita, tukumbushane kidogo. Tarehe 30 Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalivamia Kagera. Tarehe 2 Novemba Mwalimu Nyerere akatoa ile hotuba ya uwezo, sababu na nia ambayo mpaka leo wanasiasa wanaiiga. Kilichofuata ni kazi ambayo jeshi la kudumu lisingeiweza peke yake. JWTZ ilikuwa na askari wasiofika 40,000. Ndani ya muda mfupi ikavuka 150,000, na humo mgambo peke yao walikuwa kama 40,000. Hawa hawakuwa watu wa kambini. Walikuwa wakulima wa kahawa na mahindi, wavuvi, mafundi, vijana waliomaliza darasa la saba. Tarehe 11 Aprili 1979 Kampala ikaanguka.

Vijana hao walipatikanaje? Walipatikana kwa uongozi wa vijiji na mabalozi wa nyumba kumi, chini ya chama kimoja kilichokuwapo, ambacho ndicho hiki hiki kinachotawala leo. Kwa hiyo tusidanganyane. Wakati wa kukusanya watu, chama kilijua kila nyumba kumi ina kijana gani, ana umri gani na ana afya gani. Wakati wa kuandika nani alifika Masaka na nani apewe medali, ghafla majina yakawa magumu kupatikana.

Mdogo wake babu yangu ni mmoja wao. Tunamwita babu, na jina lake silitaji kwa sababu mwenyewe hapendi kuonekana anaomba. Aliondoka kijijini mwishoni mwa 1978, akarudi 1980 akiwa na mguu unaomsumbua hadi leo kila mvua zikianza. Karatasi yake ina tarehe ya kuingia, tarehe ya kutoka, na jina lililoandikwa vibaya. Medali ya Kagera haimo. Medali ya Vita haimo. Hata neno Uganda halimo.

Mwaka jana nilimsindikiza kwenye ofisi moja inayohusika. Siitaji ofisi hiyo, kwa sababu shida si karani tuliyemkuta. Karani alikuwa na adabu, akamwamkia shikamoo, akampa kiti. Halafu akasema alete mashahidi wawili waliokuwa naye kikosi kimoja. Babu akajibu taratibu, "Mjukuu wangu, mmoja nilimzika mimi mwenyewe. Mwingine alikuwa mtu wa Tabora, tuliachana 1980, sikupata tena habari zake." Tukaambiwa tuandike barua, litashughulikiwa. Barua tuliandika. Jibu hatujapata.

Nimesoma sheria miaka mitatu na naomba niliseme hili kama mwanafunzi wa sheria: hapo mzigo umetupwa kwa mtu asiyestahili kuubeba. Nani alikuwa na orodha ya kikosi? Serikali. Nani alikuwa na orodha za malipo, daftari za hospitali za jeshi, taarifa za kila siku za vikosi? Serikali. Mzee wa Litumbandyosi alipewa bunduki, hakupewa mashine ya kudurufu. Halafu baada ya miaka zaidi ya 40, aliyekuwa na karatasi zote anamwambia asiyekuwa na karatasi hata moja: thibitisha.

Na lile suala la jina si dogo. Ndunguru wangapi wapo Mbinga? Komba wangapi? Kapinga wangapi? Mwaka 1978 karani aliandika alivyosikia. Mmoja akaandikwa jina la ubatizo, mwingine la ukoo, mwingine la baba kwa herufi za kubahatisha. Leo kitambulisho cha NIDA kinasema hivi, faili linasema vile, na tofauti ya herufi moja inatosha kumfanya mzee aonekane tapeli.

Sasa tuje kwenye sheria, maana wenzetu wa upande wa pili wanapenda kusema upinzani ni kelele tu.

Ibara ya 28 ya Katiba inasema kila raia ana wajibu wa kulinda uhuru, mamlaka, ardhi na umoja wa taifa. Wazee wetu walitimiza wajibu huo. Ibara ya 18 inatupa haki ya kupata taarifa. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inaipa ofisi ya umma siku 30 kumjibu mwombaji. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inampa mtu haki ya kujua taarifa zake zinazoshikiliwa na haki ya kutaka zirekebishwe zikiwa na makosa. Na sheria ya kumbukumbu na nyaraka za taifa ya mwaka 2002 ina kanuni ya miaka 30 kwa nyaraka za umma kufunguliwa. Vita iliisha 1979. Hesabu mwenyewe.

Najua jibu litakalokuja: usalama wa taifa. Ni kweli, sheria hizi zina milango ya kutokea kwa mambo ya ulinzi, na siku ukiomba faili la mwanajeshi mlango huo ndio wa kwanza kufunguliwa. Lakini tuulizane kwa akili. Idi Amin alifariki Jeddah tarehe 16 Agosti 2003. Uganda ni jirani yetu ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki. Mwaka 2007 ilimpa Mwalimu nishani yake ya juu kabisa ya kijeshi, ya Katonga, akiwa ameshafariki. Kuandika kwamba mgambo fulani wa Mbinga alikuwa Masaka mwezi Februari 1979 kunamsaidia adui gani? Hakuna anayeomba ramani za maghala ya silaha. Tunaomba mstari mmoja kwenye karatasi ya mtu usomeke ukweli.

Jibu la pili litakuwa: wakifungua mlango watajitokeza wapiganaji feki. Sawa, watajitokeza. Hata kwenye mashamba na vyeti vya shule wapo feki, na hatukufuta mahakama za ardhi wala baraza la mitihani. Tapeli anazuiwa kwa utaratibu wa kupima ushahidi. Ukosefu wa utaratibu haumzuii. Tapeli mwenye mjomba ofisini atapata karatasi yake, mkweli asiye na mjomba atapigwa kalenda mpaka azikwe.

Wenzetu wamefanyaje? Marekani wana bodi maalumu za kusahihisha kumbukumbu za wanajeshi, zilizoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1946. Mwanajeshi wa zamani, au ndugu yake akiwa amefariki, anajaza fomu na kuambatanisha ushahidi. Kuna ukomo wa miaka mitatu tangu kosa kugundulika, lakini bodi inaweza kuuachia haki ikitaka hivyo. Tarehe 12 Julai 1973 moto uliteketeza mafaili kati ya milioni 16 na 18 ya wanajeshi wao pale St. Louis. Hawakuwaambia wazee wao kwamba yameungua basi. Walianza kuyajenga upya kwa kutumia orodha za malipo na taarifa za vikosi. Askari mmoja mweusi wa Vita ya Kwanza ya Dunia, Henry Johnson, alifariki 1929 bila kupewa nishani ya juu aliyostahili. Alipewa mwaka 2015, miaka 86 baada ya kufa. Ni aibu kuchelewa hivyo, lakini angalau ulikuwepo mlango wa kubisha.

Na hapa kwetu Ruvuma tuna mfano mkali zaidi. Tarehe 1 Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Steinmeier, alikuja Songea, akasimama pale kwenye makumbusho ya Majimaji, akaomba radhi kwa yale Wajerumani waliyotufanyia, akakutana na familia ya Nduna Songea Mbano. Tunawadai Wajerumani watafute kwenye makumbusho yao fuvu la shujaa aliyenyongwa mwaka 1906. Tuna haki kabisa ya kudai. Miaka miwili kabla ya hapo, 2021, tume ya makaburi ya vita iliyoanzia Uingereza ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda wakafika 350,000, waliokufa katika Vita ya Kwanza ya Dunia hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa, wengi wao wakiwa Waafrika wa Afrika Mashariki na Wamisri.

Kwa hiyo mkoloni amefungua makabati yake ya zaidi ya miaka 100 na kusema tulikosea. Serikali iliyotutangazia kwamba ni ya wakulima na wafanyakazi inashindwaje kufungua kabati la 1979, wakati wahusika bado wanapumua na wanaweza kuulizwa?

Hata hesabu ya waliokufa haijatulia machoni pa mwananchi. Waandishi Tony Avirgan na Martha Honey, waliofuatana na jeshi letu, waliandika kwenye kitabu chao cha 1982 kwamba walikufa askari 373. Makaburi ya Kaboya, wilayani Muleba, yana mashujaa wengi kuliko hao. Huenda tofauti inatokana na wale waliofia Uganda baadaye, kwa sababu majeshi yetu yalikaa huko hadi 1981. Lakini kwa nini mimi na wewe tukisie? Serikali ichapishe orodha kamili: jina, kikosi, kijiji alichotoka, tarehe.

Wengine watasema nimezungumza medali wakati wazee wanalia njaa. Mafao na fidia ni madai halali na yameulizwa bungeni mara nyingi. Ila nawaomba mlione hili: bila kumbukumbu sahihi hakuna dai lingine litakalosimama. Ukidai matibabu ya mguu, utaulizwa uliumia wapi. Ukidai fidia, utaulizwa kikosi gani. Faili likisema hukwenda, mlango umefungwa kabla hujabisha. Wanaoacha faili wazi wanaokoa pesa, na sitaki kuamini kwamba hilo limetokea kwa bahati mbaya miaka yote hii.

Kwa hiyo msimamo wetu uwe huu, na tuupeleke mpaka kwenye ilani.

Kwanza, itungwe sheria ya bodi ya kusahihisha kumbukumbu za wapiganaji, wanajeshi na mgambo bila ubaguzi, ikiwa na raia ndani yake na ikifika mikoani. Mzee wa Litumbandyosi asilazimike kulala gesti Dodoma kutafuta saini.

Pili, serikali ndiyo itafute kwenye nyaraka zake. Mzee akileta kiapo, picha, barua au shahidi mmoja anayeaminika, kazi ya kupinga iwe ya serikali.

Tatu, kila ombi lijibiwe kwa maandishi ndani ya muda uliotajwa, na sababu zitolewe. Barua ya kukataa unaweza kwenda nayo Mahakama Kuu pale Songea. "Njoo wiki ijayo" huwezi kwenda nayo popote.

Nne, wajane na watoto wawe na haki ya kuomba kwa niaba ya marehemu.

Kabla sheria haijaja, tuna kazi ya kufanya wenyewe. Kijana aliyekwenda vitani akiwa na miaka 22 sasa anakaribia 70 au ameshapita. Wewe una simu. Nenda kwa babu, mamkia, kaa chini, mrekodi. Muulize namba yake ya jeshi, jina la kamanda wa kombania, alivuka Kyaka lini, alilala wapi, nani alikufa mbele yake. Piga picha kila karatasi, hata iliyoliwa na mende. Msaidie kuandika ombi chini ya sheria ya 2016, weka nakala, gonga muhuri wa mapokezi, anza kuhesabu siku 30. Siku ya 31 tuleteeni nakala hiyo viongozi wa vijana wa wilaya. Maombi kumi ya kijiji kimoja yanaweza kupotea. Maombi ya wilaya nzima yenye mihuri ya mapokezi hayapotei kirahisi, na mbunge yeyote anayejitambua atayashika bungeni.

Tarehe 25 Julai ijayo wataweka tena mkuki na ngao. Sisi tuwe tumeshaweka mezani kwao majina.